Kindi Mwenye Maziwa

Sauti yenyewe ni nyembamba, kama bawaba ya mlango mdogo inayoomba mafuta. Huanza peke yake, hunyamaza, kisha hurudi zikiwa mbili au tatu pamoja. Niliisikia Jumapili moja ya majira haya ya kuchipua, hapa nyumbani kwetu Mansfield, nikiwa nimesimama kwenye sinki naosha vikombe vya chai, gauni la kanisani tayari mwilini na aproni juu yake. Ilitoka kwenye mwaloni ulio karibu na ua wa mbao. Mikono yangu ikasimama ndani ya maji.

Mwanangu, ambaye hujibu kwa Kiingereza hata akisalimiwa kwa Kiswahili, aliniuliza kama nimejikata. Nikamwambia hapana, nasikia watoto wa kindi. Akanitazama vile watoto wanavyomtazama mzazi anayeanza kuzeeka, akarudi kwenye simu yake.

Mimi nilikuwa nimeshakwenda mbali. Nilikuwa katika msitu wa serikali kaskazini mwa Houston, nimevaa viatu vyeupe vilivyojaa matope, nikitamani ardhi inimeze. Leo mimi ni mzee wa kanisa, na kwetu uzee wa kanisa ni kazi, si mvi, ingawa mvi nazo zimeanza kuja kuulizia kazi hiyo. Nimekaa na watu wenye aibu za kila namna, nikawasikiliza, nikaomba nao. Hii yangu sijamsimulia mtu. Nawasimulia ninyi, na mnivumilie nikienda polepole.

Tulifika Houston nikiwa msichana wa miaka kumi: mimi, baba yangu, na dada yake, Shangazi Nyota. Mama hakuwapo. Tangu utoto nilikuwa nimeambiwa kwamba Mama na mdogo wangu mchanga waliuawa pamoja siku tuliyokimbia kijiji chetu huko Fizi, Kongo, na kwamba nilikuwa mdogo mno kukumbuka. Kweli sikukumbuka. Kati ya siku ile na Houston kulikuwa na kambi, nyumba ya udongo, na foleni za kugawiwa mahindi, na hayo ndiyo niliyoyajua kama utoto wangu.

Tulipewa nyumba katika mtaa wa Gulfton, katika yale maghorofa yaliyobanana ambamo kila mlango una nchi yake. Asubuhi ngazi zilinukia vitunguu vya Waafghani, mahindi ya moto ya Wasalvador na sombe, yaani kisamvu, ya Shangazi, na kila mmoja alilalamikia harufu ya mwenzake. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha kukata mabomba ya chuma. Mashine zile zilimla sikio la kulia lote, na la kushoto zikalibakiza nusu. Ukimwita kutoka upande wa kulia, ulikuwa unamwita mtu mwingine.

Alikuwa mtu wa maneno machache, na pengine kwa sababu hiyo watu walimpelekea magomvi yao. Kanisa letu la Wakongo lilikuwa linaazima ukumbi wa kanisa la Wamarekani. Wenyewe waliomba asubuhi, sisi tukaingia saa saba mchana wakiwa wametuachia joto la viti na harufu ya kahawa. Baada ya ibada akina mama walikuwa wakimnong'oneza Shangazi, "Kaka yako aje amwone mume wangu." Baba akaenda, akakaa, akanyamaza mpaka mwenye nyumba akaona haya akajirekebisha mwenyewe. Hayo ndiyo yaliyokuwa mahubiri yake.

Basi mwaka nilipotimiza kumi na miwili, baraza la kanisa likaamua kumwekea mikono awe mzee wa kanisa, Jumapili moja ya mwezi wa tano. Shangazi alipiga vigelegele jikoni peke yake. Baba akanunuliwa suti ya kijivu, na mimi viatu vyeupe.

Sasa, kwetu mtu anayepewa uzee huwalisha wanaomwekea mikono nyama aliyoitafuta kwa mkono wake. Pasta alimwambia asijisumbue, kuku wa dukani wanatosha. Baba akajibu kwa upole, "Pasta, yule kuku sijui hata alikufa siku gani."

Kazini kwake kulikuwa na mzee wa Kimarekani aliyeitwa Ray, mwenye ndevu zilizokuwa njano kwa tumbaku. Alimpenda Baba, nadhani kwa sababu wote wawili hawakusikia vizuri na hivyo hawakuhitaji kuzungumza. Ray ndiye aliyemwonyesha kwa mikono, mkia juu, meno mbele, kwamba msituni kuna kindi, na kwamba mwezi wa tano inaruhusiwa kuwawinda. Alimsaidia kupata kibali, akamwazima bunduki yake ndogo, na Jumamosi, siku moja kabla ya ibada ile, akatuchukua ndani ya gari lake. Nilikwenda ili nitafsiri.

Baba alikuwa mwindaji tangu utoto, kwa upinde na mitego, akimfuata babu yangu katika misitu ya milimani. Kule kila msitu una mwenyewe. Kabla ya kuingia unampelekea kitu kidogo, kuku au chupa ya mafuta ya mawese, mnakaa, mnaongea habari za watoto na mvua, kisha anakuambia: upande ule msiende, wanyama wana watoto, upande huu nendeni. Kwa hiyo swali la kwanza Baba aliloniambia nimuulize Ray tulipofika chini ya misonobari lilikuwa, mwenye msitu huu ni nani?

Ray alicheka. Alisema ni ardhi ya watu wote. "Mwambie baba yako ndiye mwenyewe. Na mimi. Na wewe."

Nikatafsiri. Baba akatembea hatua nyingi. Kisha akasema, "Msitu wa watu wote. Sasa nimwombe nani?"

Ray akamwonyesha kile kikaratasi cha kibali na kijitabu cha sheria, akagonga kidole mahali palipoandikwa mwezi wa tano. Baba akaangalia, akatikisa kichwa kwa heshima. Nadhani aliamini kwamba walioandika walikuwa wamekwenda kwanza kuwauliza wanyama.

Alipiga vizuri. Ukungu ulikuwa bado miguuni mwa miti, na kila kindi alipoanguka majani makavu yalitoa sauti ndogo, kisha kigogota akaendelea kugonga mti wake. Tulirudi Gulfton na mfuko wa kutosha sufuria moja kubwa.

Wamarekani humchuna kindi ngozi. Sisi tunambabua manyoya motoni, kwa sababu ngozi ndiyo yenye utamu. Baba aliwasha jiko la gesi, na kindi wa kwanza hajageuzwa upande wa pili kengele ya moshi ikaanza kulia nyumba nzima. Shangazi akapepea kwa kitenge. Nikafungua madirisha. Yule mama wa Kisalvador wa chini akapanda ngazi na ufagio wake, akaingia bila kubisha, akaipiga kengele ile kwa mpini mara moja mpaka ikanyamaza, akatazama jikoni, akasema kitu kwa Kihispania, akachukua kitunguu kimoja mezani na kuondoka nacho kama malipo. Tulicheka sana. Nakumbuka hata Baba alicheka, kisu mkononi.

Alikuwa anapasua kindi wa mwisho. Kicheko kilikuwa bado mdomoni mwangu nilipoona kidole gumba chake kimelowa kitu cheupe. Alikisugua kwenye kidole kingine, polepole. Akakileta karibu na pua.

"Huyu iko na maziwa," alisema.

Shangazi alitazama. "Basi mtupe. Wale wengine wanatosha."

Baba hakumtupa. Alinawa mikono kwa muda mrefu, akaleta kitambaa cha leso safi, akamfunga yule kindi, akamweka juu ya kabati mbali na sufuria. Kisha akakaa. Jua lilikuwa bado halijatua na moshi ulikuwa bado unatafuta njia ya dirisha.

Babu yangu alikuwa na msemo: anayeua mwenye maziwa ameua nyumba. Na ulikuwa na kanuni yake. Mtu akikosea akamwua mnyama anayenyonyesha, hurudi kesho yake kuwatafuta watoto. Akiwakuta hai, awalee. Akiwakuta wamekufa, awazike. Asipokwenda, mtu huyo haketi na wazee. Hafukuzwi na mtu yeyote. Yeye mwenyewe haketi.

Shangazi aliielewa kanuni ile kabla Baba hajafungua mdomo. "Kaka," alisema, "tuko Amerika. Na kesho wanakuwekea mikono."

"Ndiyo maana lazima niende."

"Kwa panya wa mti?"

"Nyota." Alimwita jina tu, na Shangazi akageukia sufuria yake.

Mimi nilifikiri hilo halinihusu. Lakini alfajiri alinigusa bega. "Mapendo, mama, amka. Niazime masikio yako." Baba zetu wa Kongo huwaita binti zao mama, na akisema hivyo huwezi kukataa. Alikuwa amekwisha vaa suruali ya suti, shati jeupe na tai. Koti lilikuwa limetundikwa ndani ya gari letu. Alimwambia Shangazi tungerudi kabla ya saa saba. Nikavaa gauni langu na viatu vyangu vyeupe, kwa sababu tungeshukia kanisani moja kwa moja, na tukaondoka na yule kindi katika leso yake kati yetu.

Ndugu zangu, msitu ule una miti isiyohesabika. Mimi nilijua hatutapata kitu. Lakini Baba alipita kati ya miti ile kama mtu anayerudi kwa jirani, akasimama chini ya mwaloni mmoja, akaokota ganda la risasi yake. Mama anayenyonyesha haendi mbali, alisema. Akaniambia nikae, nisikilize. Yeye akaanza kuvuta hewa kati ya midomo na meno, sauti ya kindi anayerudi nyumbani.

Muda ukapita. Jua likapanda. Sikusikia kitu ila ndege na mbu. Na kama mtakumbuka jinsi ulivyo mwaka wa kumi na mbili wa mtu, mtajua kilichofuata. Njia ya baiskeli ilipita karibu, na Jumapili ile kulikuwa na watu: mume na mke na mbwa wao, kisha kundi la vijana wa Kimarekani wamevaa kofia za rangi. Waliona mtu mweusi katika shati jeupe na tai, ameinua uso kwenye mti, anabusu hewa. Wakapunguza mwendo. Mmoja akacheka. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningecheka.

Niliinuka nikaenda kukaa kwenye gogo kando ya njia, mbali na Baba, mgongo nimempa, nikakunja mikono kama msichana anayemsubiri mtu mwingine. Binti mmoja wa kundi lile alisimamisha baiskeli akaniuliza kwa sauti ya chini kama niko salama, na kama namfahamu yule mwanamume.

Nilitikisa kichwa. Kilikuwa kichwa kisichosema ndiyo wala hapana. Nimeyasoma Maandiko tangu wakati ule, na kila nikifika kwa yule mwanafunzi aliyeulizwa uani, kando ya moto, kama anamfahamu Bwana wake, akakana, nasoma haraka.

Walipokwisha kwenda, kimya kikarudi, na ndani ya kimya kile nikasikia bawaba ndogo inalia.

Nilitaka isiwe hiyo. Ikalia tena. Nikaenda kwa Baba nikamwambia, na yeye, ambaye hakuwa anasikia kitu, akaacha kutazama miti akawa anautazama uso wangu. Nilipogeuka, aligeuka. Nilipokaribia mti wa pili nyuma ya mwaloni, aliweka kiganja chake kwenye shina kana kwamba anashika paji la uso la mgonjwa. Tundu lilikuwa juu, zaidi ya kimo cha watu wawili, kingo zake zimetafunwa.

Alikwenda garini akaleta kamba. Akavua viatu na soksi, akaipitisha kamba kiunoni na kulizunguka shina, wanavyofanya wapanda michikichi wa kwetu, akaanza kupanda, tai imetupwa begani. Alikuwa katikati ya mti niliposikia breki nyuma yangu.

Alikuwa askari wa wanyamapori, mtu mkubwa mwenye kofia pana. Nadhani wale vijana walimwambia. Alimtazama Baba, akanitazama mimi na gauni langu, akauliza baba yangu anafanya nini mtini.

Sasa ilinibidi kusema. Kiingereza changu kilikuwa cha darasani, na sentensi ile haikuwa darasani. Masikio yaliniwaka moto. Nikamwambia: jana baba yangu alimwua kindi, na kindi yule alikuwa na maziwa, na baba yangu amekuja kuwachukua watoto wake.

Aliniomba nirudie. Nikarudia. Hiyo ya pili ilikuwa mbaya zaidi.

Akauliza kibali. Baba, akiwa ameshika mti kwa mkono mmoja, alikitoa mfukoni mwa shati akakidondosha. Askari alikisoma, akasema kwamba msimu umefunguliwa, kwamba kindi huyo alikuwa halali, kwamba baba yangu hana kosa lolote.

Nikapaza sauti kwa sikio la kushoto. "Papa, anasema huna kosa."

Baba alikaza kamba kule juu. "Mwambie nimesikia. Mwambie kwa kuwa hakuna wa kunihukumu, nimekuja mwenyewe."

Sijui nilitafsirije. Najua yule mtu hakucheka, na kwamba alikwenda kusimama chini ya mti ameinua mikono, ikiwa Baba ataanguka.

Walikuwa watatu. Aliwashusha ndani ya shati, moja kwa moja kwenye ngozi. Wawili walikuwa na joto. Wa tatu alikuwa ameshapoa. Baba akamfungua yule mama katika leso yake, akamweka mtoto aliyepoa tumboni mwake, akawafunga pamoja, akachimba kwa kijiti na vidole chini ya mti. Alipiga magoti kwa suruali ya suti. Askari alivua kofia, na mimi nilisimama hatua kadhaa kando, nikitazama viatu vyangu.

Sheria haikuturuhusu kwenda na wanyama wa porini nyumbani. Askari alimpigia simu mama mmoja anayewauguza, katika mji mdogo ulio njiani, akatutangulia mpaka mlangoni kwake. Mama yule aliwapokea ndani ya soksi ya sufu, akawanyonyesha kwa kidude cha dawa ya macho, tone moja moja. Alimuuliza Baba kama angependa kujaribu. Baba alijaribu. Mtoto alishika kile kidude kwa mikono miwili. Nilimwambia Baba saa imepita, na sikio lake la kushoto lilikuwa kwangu, lakini hakusikia.

Tulipofika ukumbini viti vilikuwa vinakunjwa. Walikuwa wamemngoja, wameimba nyimbo zote wanazozijua, na mwishowe Pasta akafunga kwa baraka. Sufuria ilikuwa tupu. Nyama ya sherehe ilikuwa imeliwa bila mwenye sherehe. Baba akaingia na koti la suti juu ya shati lenye damu ya mikwaruzo na magome, magoti ya udongo.

Pasta alimuuliza kwa upole, mbele ya watu, ni jambo gani limempata. Baba akasema, "Kulikuwa na watoto, Pasta."

"Watoto wa nani, ndugu yetu?" Huyo alikuwa Mzee Kashindi, aliyependa utani na ambaye, nadhani, alikuwa ameumia kwa kungoja.

"Wa kindi."

Kisha mtu mmoja akashindwa kujizuia, na ukumbi mzima ukacheka, cheko la watu waliochoka. "Sisi hapa tunakosa wa kutuangalizia watoto tukienda kazini usiku," Kashindi alisema, akifuta machozi, "kumbe mlezi tunaye, yuko juu ya mti." Wakacheka tena. Baba alitazama nyuso zao, moja baada ya nyingine, kama anayehesabu kama wote wamefika salama. Hakueleza. Akaanza kusaidia kukunja viti.

Hawakumwekea mikono wiki iliyofuata, wala mwaka uliofuata. Baraza lilisema mtu anayeiacha siku yake ya wito kwa sababu ya mnyama apewe muda wa kukua. Muda ukawa mrefu, wakawekwa wengine. Baba alirudisha bunduki ya Ray na hakuwinda tena. Aliketi safu ya mwisho, na kila ibada ilipoisha yeye ndiye aliyekunja viti. Watu walimwita Papa Kindi, si kwa ubaya, na watoto wenzangu wakaniita Mapendo wa Kindi. Nikajiunga na kwaya ili nikae mbele, nisionekane natoka safu ile. Miaka yote hiyo hakuniuliza kwa nini.

Alifariki huko huko Houston, kwa mapafu, mimi nikiwa nimeshahamia huku na mume wangu. Baada ya mazishi nilikwenda mji wa Euless, si mbali na kwetu, kumwona Shangazi Nyota, anayeishi na mwanawe anayepakia mizigo uwanja wa ndege. Ndege zilipita juu ya paa, naye akinyamaza kila moja ipite kwanza. Tulikuwa tunakunja nguo za Baba. Tulipofika kwenye ile suruali ya kijivu, ambayo magoti yake hayakuwahi kutakata, nikasema kwamba sikuwahi kuelewa alitaka nini siku ile.

Shangazi aliiweka suruali magotini. "Hukuambiwa," alisema. "Mama yako alipigwa risasi shambani, mihogoni, mtoto mgongoni. Ile risasi haikumfikia mtoto."

Nilibaki nimeshika shati.

"Baba yako alikuwa amekubeba wewe. Tulikuwa tumevuka mto, tumejificha kwenye matete, ndipo tukamsikia analia. Kaka akanipa wewe, akageuka. Wanaume wakamshika. Walimwambia, ukirudi wale askari watakufuata, watatuua wote. Walikuwa na haki, kulikuwa na watoto wengi pale. Yeye alipigana nao. Mimi ndiye nilimziba Kaka mdomo kwa kitenge." Ndege ikapita. "Tulimsikia yule mtoto mpaka hatukumsikia tena. Wakati ule Kaka alikuwa na masikio mazuri."

Nilimuuliza kwa nini Baba hakusema hayo pale ukumbini. Sentensi moja ingewanyamazisha wote.

"Ndiyo," Shangazi alisema. "Ingewanyamazisha. Unafikiri mle ndani ni nani hakuwa na wa kwake aliyebaki ng'ambo? Mama Pasta? Kashindi, unajua alikuwa na watoto wangapi? Walikuwa wanacheka, Mapendo. Aliwaacha wacheke."

Nimeifikiria sentensi ile kuliko mahubiri mengi. Miaka yote nilidhani kulikuwa na haya moja tu katika ukumbi ule, yangu, na kwamba Baba ndiye aliyeileta na magoti yake machafu. Kumbe aliibeba aibu ambayo hakuna sheria iliyoiandika na hakuna askari aliyeweza kumwondolea, akaipeleka msituni kutafuta mahali pa kuiweka. Na alipopewa nafasi ya kujitetea akaona bei yake ni machozi ya wengine, akachagua viti. Waliponiwekea mikono mimi, kanisani kwetu hapo jirani Fort Worth, Pasta wetu aliuliza kama nafahamu uzee wa kanisa ni nini. Nilijibu nafahamu. Niliona haya kujibu, maana aliyenifundisha hakuwahi kuitwa kwa jina hilo, na siku ya somo lenyewe nilikuwa nimempa mgongo.

Mungu ni mvumilivu. Amenipa muda wa kutosha kuona haya vizuri, na hiyo nayo ni neema.

Jumapili hii nilifuta mikono, nikatoka uani na aproni yangu. Sauti ilikuwa bado inalia ndani ya mwaloni, na nilitaka kujua kama yuko wa kurudi. Nikavuta hewa kati ya midomo na meno, kama nilivyomsikia Baba. Jirani wa upande wa pili alikuwa anakata majani. Akazima mashine yake akanitazama. Mume wangu alishapiga honi mara mbili. Ibada ilikuwa inakaribia, nami ndiye wa kusoma somo. Mwanangu alitoka mpaka kwenye ngazi za mlango, akamwona jirani, akaniona mimi nimeinua uso ninabusu hewa, na akabaki pale pale, mikono imekunjwa, anatazama barabarani kama mtu anayemsubiri mwingine.

Sikumwita. Naufahamu umbali ule. Nilishukuru tu kwamba alisimama mlangoni, hakuingia ndani.

Tukangoja, yeye kule na mimi huku, mpaka kindi mmoja mwembamba, chuchu zake zimevimba, akaja mbio juu ya ua, akapanda mwaloni, akaingia. Na sauti ikanyamaza.